Wiki ya Nane

Hakuna aliyenigusa. Andikeni hivyo.
Dakika ya sitini na moja, nyasi za plastiki,
mvua ya Klaksvík ikipiga kwa ubavu kama ilivyozoea,
niligeuka kuufuata mpira
na mguu ukabaki ulipokuwa.
Ta!
Mlinda mlango aliisikia kutoka golini kwake,
akadhani mtu amekanyaga chupa.

Miezi minne niliishi na goti la kuazima.
Barabarani tambarare lilinistahi,
kwenye ngazi za kiwanda cha samaki lilinikana.
Siku moja, kreti la chewa mikononi,
mfupa wa juu ukateleza juu ya mfupa wa chini
nikajikuta nimeketi kwenye barafu
katikati ya macho ya samaki.
Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi,
mimi nilijikwaa vyote siku ile ile:
"Ni utelezi tu," nilimwambia Høgni, kocha wetu,
na Jumapili akanipanga.

Daktari Marjun alilishika goti kwa mikono miwili,
akalivuta mbele kama mtu anayefungua droo ya jikoni,
nalo likafunguka.
Hakusema kitu. Alilivuta tena,
mara hii ili nione mwenyewe.
"Haushoneki," alisema. "Umebaki nyuzi nyuzi,
kama sufu iliyolowa. Tutatengeneza mwingine."
"Kwa kitu gani?"
"Kwa wewe."

Wakauchomoa nyuma ya paja langu
ukano ambao sikuwahi kujua ninao,
wakaukunja mara nne,
wakatoboa njia mfupani, wakaupitisha,
wakaukaza kwa skrubu fupi kuliko kidole.
Wanauita pandikizi.
Pandikizi! Kitu chembamba kama penseli
kimepewa jina la jitu.
Haya nimesimuliwa, nilikuwa kwenye nusukaputi.
Muuguzi anasema nilicheka.

Baba ni seremala wa mashua, hajui kubembeleza.
Kila jioni aliingia na kipimapembe chake cha mbao,
akakilaza kando ya goti lililovimba, akasema, "Kunja."
Nikakunja. Nikamtukana. Nikakunja.
"Arobaini na mbili," akaandika ukutani kwa penseli,
kando ya mlango, palepale
alipokuwa akinipima urefu nilipokuwa mtoto.
Sitini. Sitini tena. Hamsini na nane, na hatukuongea.
Tisini, akaleta mkia wa kondoo aliokausha mwenyewe.

Kisha ikaja wiki ya nane, na maumivu yakaondoka
kama mgeni asiyeaga.
Niliteremka ngazi bila kushika kitu.
Nikamwambia Rannvá, anayeninyoosha viungo, kwamba nimepona.
Akaacha kuandika.
"Unajua kilichomo humo ndani? Maiti.
Ukano ukihamishwa hufa kwanza.
Damu inaufuata taratibu, chembe kwa chembe,
na mpaka ifike
siku unayojihisi mzima kuliko zote
ndiyo siku ulio dhaifu kuliko zote."

Oktoba. Wanawashusha kondoo kutoka mlimani,
majirani wote, mbwa, watoto wenye koti za njano.
Mimi nimeketi kizingitini na maiti yangu,
nikiitunza kama yai.
Jike mmoja akachomoka kundini,
akaja upande wangu mbio,
na mwili wangu wote, mwili mpumbavu, ukataka kugeuka.
Nikaikumbatia nguzo ya mlango.
Akapita. Walinipigia kelele,
sikuwajibu.

Usiku Baba akaja, ananuka sufu, na kipimapembe.
"Mia na ishirini na sita."
Hapakuwa na nafasi tena ukutani
isipokuwa chini, karibu na mstari uliofifia
wa mwaka niliotimiza sita,
siku niliyojiinua kwa ncha za vidole
ili nionekane mrefu.
"Ulijua?" nilimuuliza.
"Nilikuwa nimekushika kichwa," akasema,
akilamba ncha ya penseli.